Herman Alivyotembea Hadi Mikumi

Mchungaji, wazee wetu mlioshuka kutoka Mamboya, majirani wa hapa Magomeni ya Kilosa, poleni sana. Mimi ni Costancia, dada mkubwa wa marehemu, mtaniwia radhi nisome nimekaa, maana nimechoka, na huu ni msiba wa tatu wa familia hii ninaopewa kusoma historia ya marehemu.

Ndugu yetu Herman Onesphory alizaliwa Mamboya tarehe 14 Machi 1976, mtoto wa tatu kati ya wanne wa marehemu mzee Onesphory na mama Teresia, akabatizwa Kianglikana, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1984 hadi 1990, na kusema kweli darasani hakusumbua mtu wala hakushangaza mtu, akili zake zilikuwa kwenye redio ya baba, ambayo aliifungua, akachapwa, akaifunga ikalia vizuri kuliko mwanzo.

Mwaka 1993 alishuka Kilosa, akajifunza ufundi redio, akafungua kibanda hapa Magomeni, na hapo ndipo bendi ya Miyombo Sound ilipomteka, jamani, mtu huyu alikosa harusi za ndugu lakini dansi hakukosa. Tarehe 7 Oktoba 2000 alifunga ndoa na Vaileth, aliyekubali kwamba Jumamosi mume wake ni wa bendi, wakajaliwa watoto wawili, Brayan na Grace.

Sasa yupo mdogo wetu wa mwisho, Debora, huyu aliyekaa mbele yenu, aliolewa Mikumi na shemeji Lucas, naye namwona pale nyuma, karibu shemeji. Debora alipigwa, akakimbilia nyumbani, wazee wakakaa kikao, wakamsindikiza arudi kwa mumewe na kuku wa upatanisho, akapigwa tena, wakamsindikiza tena, na safari hiyo ya pili aliyebeba kuku alikuwa Herman.

Kuku yule hakumtoka moyoni, ndiyo maana tarehe 10 Juni 2023 aliondoka Kilosa kwa miguu, akalala njiani kwenye kijiji kinachoitwa Ulaya, akaingia Mikumi kesho yake, bendi ikimfuata kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akiwaomba mashabiki wenzake kwamba zile noti wanazombandika mwimbaji kwenye paji la uso safari hii wambandike yeye, zote ziende kwenye nyumba ya akina mama wa kanisa inayowapokea wanawake waliopigwa na waume zao. Mikumi watu walidhani ni tangazo la dansi, wakacheza, na shemeji Lucas akajitokeza kifua mbele, akambandika noti kubwa kuliko wote, wakamshangilia, ndipo Herman akashika kipaza sauti, akamshukuru shemeji yake kwa jina, akaeleza pesa ile ni ya nani na kwa nini. Debora alitoka ndani kwa mumewe na begi moja, akapanda kirikuu, na tangu siku hiyo ameishi kwa Herman.

Marehemu alikuwa na kisukari tangu 2019, na lengelenge alilolipata mguuni katika safari ile ya Mikumi aliliziba kwa plasta bila kumwambia mtu, likawa kidonda, mwaka jana akakatwa mguu, na tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa hospitalini Morogoro, Debora akiwa amemshika mkono.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kuchota maji, mafundi wenzake, na bendi mliokuja na vyombo mkaviacha kimya.

Nimalizie, maana sina nguvu ya kubishana na mtu baadaye. Tangu juzi nasikia huko jikoni kwamba Debora ndiye aliyemuua kaka yake, na kwamba tukishaanua tanga wazee watakaa, arudishwe Mikumi na shemeji aliyekuja kumchukua, na kweli asubuhi nimekuta kuku amefungwa kamba nyuma ya nyumba. Shikamooni wazee wangu, nawaheshimu, lakini yule kuku nimemchinja, mtamla tukitoka makaburini, na Debora leo analala kwangu.

Pumzika kwa amani, Herman, hakuna atakayebeba tena kuku kwenda Mikumi.