Yakobo Mayige, Mkanyaga Mivuo ya Kinanda cha Mwalukonge

Sogeeni jamani. Mliokaa nyuma ya turubai sogeeni, akina mama wa jikoni wekeni miiko chini kidogo, mwenye mtoto anayelia ampe ziwa, na wanaume mazungumzo ya ng'ombe yasubiri, kwa maana haya yanasomwa mara moja tu na mwenyewe hayupo tena wa kuyasahihisha. Anayesoma ni mjukuu wetu Violeth, kwa kuwa mimi kalamu sikuishika, lakini maneno ni yangu, Benedikta Nyanjige, mke wa marehemu kwa miaka arobaini na minne, na ndani yake kuna jambo moja juu ya jina lake ambalo sikubali lifukiwe pamoja naye.

Marehemu Yakobo Mayige alizaliwa hapa Mwalukonge tarehe 12 Machi 1931, mtoto wa tatu wa mzee Ngeleja, na hiyo tarehe ni ya padri aliyembatiza, maana mama yake alijua tu kwamba ni wiki ile nzige walipomaliza mtama, ndiyo sababu akaitwa Mayige, yaani nzige. Kanisa letu lilikuwa halijajengwa, lilianza mwaka 1934, kila kaya ikitoa mikokoteni mitatu ya kuni za kuchomea matofali, ipende isipende, na mwaka 1938 ndipo kinanda cha mabomba kilipokuja kutoka Ulaya katika masanduku kumi na manne, yakashushwa ziwani Kalemela, na aliyeyaleta hadi hapa kwa mkokoteni wa ng'ombe ni huyo huyo mzee Ngeleja, ambaye alisimama siku tatu kando ya mto akisubiri maji yapungue, na wenzake wakamwambia, "Ngeleja, tupa masanduku mawili tuvuke, Wazungu hawatahesabu," naye akajibu, "Watahesabu, hawa wanahesabu hata mayai ya kuku wa jirani."

Alisoma shule ya misheni hapa hapa mwaka 1941 hadi 1944, akamaliza darasa la nne, na mwaka 1946 akapewa kazi ya kukanyaga mivuo, ile mifuko mikubwa ya ngozi nyuma ya ukuta inayokipa kinanda pumzi, kwa sababu mpigaji anaonekana na kusifiwa, lakini bila miguu ya mtu nyuma mabomba yale mia mbili ni mabati tu. Mwaka 1953 aliajiriwa pia katika kiwanda cha kuchambua pamba, kazi yake ikiwa kuvisha ngozi magogo ya mashine, yale yanayozunguka kuvuta pamba itoke kwenye mbegu, na huko ndiko alikojifunza ngozi kuliko mtu yeyote niliyemjua.

Tulifunga ndoa tarehe 8 Oktoba 1955, akatoa ng'ombe kumi na wanane, na mama yangu akaniuliza, "Mayu, mwanangu, unaolewa na mwanamume wa nyuma ya ukuta, utamwona lini?" nami nikasema nitamsikia, na kweli nilimsikia kila Jumapili. Mungu alitujalia watoto watano, wawili walitangulia wakiwa wachanga, waliopo ni Felisita, Constantine na Elizabeth.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, naomba msikohoe.

Soko la pamba lilipofunguliwa wakaja wanunuzi wa kila aina na mizani zao, na kiwanda cha marehemu kikasimama tarehe 30 Septemba 1994, akarudi nyumbani na furushi la visu vya ngozi. Mivuo ya kinanda nayo ilikuwa imechoka, inavuja kama ungo, akasema ataishona upya bure, akachagua ngozi za mbuzi, na mwezi wa pili 1995 akaziloweka katika maji ya magome ya mgunga, akaniambia, "Mama Felisita, zisiguswe hadi mwezi wa tano, ngozi haina haraka." Lakini Pasaka ile Baba Askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, na mwenyekiti wa parokia, mzee Nyanda, alipita hapa kila siku, "Mama, Askofu aje akute kinanda kinakohoa?" na mimi nilikuwa kiongozi wa akina mama, nikaona aibu ni yangu.

Marehemu alipokwenda Mwandoya siku kumi kumsaidia kaka yake kuhamisha ng'ombe, nilizitoa ngozi zile majini, nikazianika, nikazipaka samli, kama bibi zetu walivyolainisha ngozi za kubebea watoto, zikalainika kama shavu. Aliporudi alizishika, akanusa, kisha akasema, "Umeniharakishia," basi, akazishona, maana siku zilikuwa zimekwisha. Pasaka kinanda kiliimba, Askofu akapiga makofi.

Krismasi ya mwaka huo huo, asubuhi ya misa kubwa, mpigaji aliweka vidole na kinanda kikatoa mlio wa ng'ombe anayekwama matopeni, kikanyamaza, kwa sababu tangu kiwanda kisimame maghala yake ya mbegu za pamba yalikuwa matupu na panya wote walikuwa wamehamia kanisani, wakakuta samli. Ngozi iliyokunywa magome ni chungu, panya haigusi, iliyokunywa samli ni kitoweo.

Kwenye kikao watu walitaka mabomba yauzwe kama vyuma chakavu, kinunuliwe kinanda cha umeme, na mzee Nyanda akauliza mbele ya wote, nami nikiwemo, "Nani alipaka samli?" Marehemu akajibu, "Ngozi zilikuwa kazi yangu." Mimi nikaangalia kanga yangu. Wakamwondoa kwenye mivuo aliyoikanyaga miaka arobaini na tisa, wakampa muda hadi Pentekoste airekebishe, na watoto njiani wakampa jina, Mlisha Panya, hata wakubwa wakalichukua, hata leo hapa nimelisikia kwenye foleni ya maji.

Aliloweka ngozi nyingine, safari hii nililala na ufunguo wa stoo chini ya mto nisijishawishi, na tarehe 26 Mei 1996 kinanda kiliimba, mabomba hayakuuzwa, na mpaka leo panya hajaigusa. Lakini mivuo hakurudishiwa, vijana wa kwaya walipangiwa zamu, yeye akakaa benchi la wanaume, na kila wimbo ukianza niliona miguu yake inakanyaga sakafu, kulia, kushoto. Nilimwambia mara nyingi, niruhusu niseme, akanijibu, "Mimi nimezoea nyuma ya ukuta, wewe hujazoea."

Miguu hiyo ilianza kuvimba Agosti 1998, akatibiwa hospitali mjini Bariadi, ikaonekana ni moyo, akafariki nyumbani Ijumaa tarehe 12 Novemba 1999, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika wangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa nzengo yetu waliochimba kaburi bila kuitwa mara mbili, wenzake wa kiwandani waliokuja kutoka mbali, hata Kiloleli, Paroko, na wanakwaya. Wabeja sana. Mzee Nyanda, nawe nakushukuru, uliuliza swali la haki, aliyenyamaza ni mimi.

Baba Felisita, tulia sasa, Mungu akupe pumziko lake.

Wazee wa ukoo wameniagiza nitaje urithi. Ng'ombe tisa na shamba la mbugani ni mali ya Constantine na wanawe, nyumba ni ya Elizabeth aliyetuuguza, visu vya ngozi ni vya Felisita, na jina la Mlisha Panya, lisimfuate mtu mwingine yeyote, nalirithi mimi, Benedikta Nyanjige, na kuanzia leo mkilihitaji niiteni nalo, nitaitika.