Kikombe cha Maji cha Mama Ngoja

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtaalamu wetu wa tiba ya usemi atarudisha ufunguo wa chumba cha mwisho kwenye korido ya kushoto, aende nyumbani kupumzika. Kwenye mafaili anaitwa kwa jina lake kamili na cheo chake. Kwenye benchi la kusubiria, ambako wengi wetu tumekulia, anaitwa Mama Ngoja.

Wasifu kama huu kwa kawaida huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Safari hii mwenyewe alikataa. Alimwambia katibu muhtasi wa kituo, "Aandike yule binti niliyemngoja kuliko wote." Binti huyo ni mimi. Nina miaka kumi na sita, nina kigugumizi, na nikiona aibu masikio yangu hupata moto kama pasi. Kuandika nilikubali siku hiyohiyo, maana kalamu haijawahi kunikwama mkononi. Kusoma mbele ya watu nilikataa katakata. Kwa hiyo mnayemsikia sasa hivi ni baba yangu, dalali wa minada, mtu ambaye mdomo wake haujui breki. Baba, polepole.

Mama Ngoja alianzia kazi katika chumba kilichokuwa stoo ya mifagio. Wanaokumbuka wanasema harufu ya dawa ya sakafu ilikaa humo muda mrefu baada ya mifagio kuhamishwa. Watoto waliletwa kwake kama redio mbovu inavyopelekwa kwa fundi: mzazi anamsukuma mtoto ndani, anabaki mlangoni, anauliza aje kumchukua lini. Jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kuomba dirisha, lilikuwa kuomba viti zaidi. Kila mtoto alitakiwa kuja na watu anaokula nao nyumbani. Mganga mkuu wa wakati huo alidhani anataka kufungua mgahawa.

Sisi tulifika nikiwa na miaka tisa: mimi, baba, mama, na shangazi ambaye hakualikwa lakini haachwi nyuma. Kila mmoja alikuja na nadharia yake. Baba alisema ni uvivu wa ulimi, nikikazwa kidogo nitanyooka. Mama alisema kwa sauti ya chini kwamba kosa ni lake, kwa sababu alipokuwa na ujauzito wangu aliwahi kumcheka mtu mwenye kigugumizi, na sasa amelipwa. Shangazi alisema ni shule. Shuleni kwetu asubuhi tunafundishwa kwa lugha moja, mchana kwa nyingine, na kwa maoni yake zile lugha mbili zilikuwa zimegongana mdomoni mwangu. Alishauri moja ing'olewe, kama jino.

Mama Ngoja aliwasikiliza wote bila kumkatiza hata mmoja. Kisha akanigeukia.

"Na wewe mwenzetu, unaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, midomo mitatu ikanijibia kwa pamoja. Hapo ndipo alipovuta sinia lenye vikombe vya maji. Akawagawia watu wazima.

"Jazeni midomo," akasema. "Msimeze, msiteme, mpaka mtoto amalize."

Sijawahi kuisahau sura ya baba siku ile, mashavu yamevimba kama puto, macho yamemtoka, yeye ambaye huuza kabati la nguo kabla mwenye kabati hajamaliza kukohoa. Nikaanza upya. Jina langu linaanza na K, na K ndiyo adui yangu mkubwa. Ilikwama, ikakwama, ikakwama tena. Hakuna aliyeweza kunisaidia. Mwishowe likatoka lote, jina langu, kutoka kwenye mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mgeni. Baba akashindwa kujizuia, akacheka kwa furaha, na maji yote yakaishia usoni kwa Mama Ngoja na kwenye faili langu jipya. Akajifuta kwa kitambaa.

"Umejitahidi, baba. Wiki ijayo tutaongeza maji."

Baba, najua hapa unataka kujitetea. Endelea kusoma.

Watu wengi huuliza mtoto alianza lini kukwama. Mama Ngoja aliniuliza nilianza lini kunyamaza. Nilishangaa, kwa sababu hayo ni maswali mawili tofauti na hakuna aliyewahi kuyatenganisha. Tukaanza kurudi nyuma pamoja, wiki baada ya wiki. Kukwama kulianza nikiwa mdogo sana, kama kunavyoanza kwa watoto wengi wanaojifunza kusema. Kwa wengi hupita, kwangu kulibaki, na babu upande wa mama alikuwa nako pia. Hiyo ilikuwa mbegu tu. Kisha ukaja uso wa mama, ambao ulijikunja kwa wasiwasi kila nilipoanza neno, nami nikajifunza kuuangalia uso ule kabla ya kusema. Kisha likaja darasa, na mvulana wa dawati la nyuma aliyeniita Tochi Mbovu. Kisha mimi mwenyewe nikaanza ujanja. Nilikwepa maneno. Siku moja mama alinituma kiberiti. Nikasimama dukani, K ikagoma, nyuma yangu foleni inahema. Nikaomba mshumaa.

Mama aliushika ule mshumaa akautazama pande zote. "Haya. Na huu tutauwasha na nini, macho yako?"

Nikawa mtoto mpole. Wageni walinisifu kwa mama: huyu hana makelele, huyu kalelewa. Mama Ngoja ndiye wa kwanza kuniambia kwamba kukwama ni jambo moja na upole ule ni jambo lingine. Kwamba la kwanza nilizaliwa nalo, na la pili tulilijenga pamoja, mimi, nyumbani na shule, tofali juu ya tofali, bila yeyote kukusudia. Lililonifungia mlango zaidi ni hilo la pili.

Wanagenzi wake wote, wale wanachuo wanaokuja kujifunza kazi kwake, wanalikumbuka Zoezi la Sokoni. Kila mwaka huwapeleka sokoni wakanunue vitu huku wakiigiza kigugumizi, ili waonje. Mwaka nilipotimiza kumi na tatu aliniteua niwe mwalimu wa kukwama. Hebu fikirini: mimi, ambaye kuomba chaki darasani kulinitoa jasho, nawafundisha watu wazima wanne wenye makoti meupe namna ya kushindwa kusema. Mmoja wao alizidisha mno, akatoa sauti kama pikipiki iliyoishiwa mafuta. Nikamwambia hapana, kaka, sisi tunajitahidi kuficha, sio kutangaza. Wote wakaandika.

Wa kwanza alikwenda kwa muuza sufuria. Yule mzee akamshika kichwa, akamuuliza wazazi wake walimkosea nani. Wa pili alikwenda kwa muuza nyanya, akajaziwa mfuko bure: "Chukua mwanangu, usijisumbue, pole sana." Alirudi akitabasamu na nyanya zake, Mama Ngoja akamrudisha akazilipie. Wa tatu alikwenda kwa fundi viatu, naye akampangia matibabu papo hapo: asugue ulimi, alale chali, amwone daktari akatwe kitu fulani chini ya ulimi. Wa nne alikwenda kwa mama mmoja muuza chumvi. Yule mama aliendelea kufunga vifurushi vyake, akamtazama usoni, akasema "Enhe?" na kutulia. Mwanagenzi akakwama wee mpaka akamaliza. Muuza chumvi akampimia chumvi, na akampunja kama anavyompunja mteja mwingine yeyote.

Tuliporudi chumbani Mama Ngoja alicheka mpaka akashika meza. "Kapunjwa!" alisema. "Huo ndio usawa wenyewe!"

Kisha akaenda ubaoni. Akawaonyesha wanagenzi kwamba ile safari ya sokoni ndiyo nadharia zote walizokuwa wakizikariri chuoni. Wapo wanaouona ulemavu kama adhabu. Wapo wanaouona kama sababu ya kumhurumia mtu na kumfanya mdogo. Wapo wanaouona kama hitilafu ya mwili inayongoja fundi. Na wapo wanaosema mwili una jinsi ulivyo, lakini ulemavu hutokea pale watu na mahali wanapokataa kumpa mtu nafasi. Kigugumizi walichoigiza kilikuwa kilekile, kilichobadilika ni meza tu. Akahitimisha kwa maandishi makubwa: *Ulemavu hauko mdomoni. Uko kwa msikilizaji.* Wanagenzi wakanakili, wakapigia mstari.

Hapo niungame jambo. Sentensi ile ilinikera. Nikanyoosha mkono, masikio yanawaka.

"Nikiwa peke yangu chumbani," nilisema, na ilichukua muda, "huwa namsomea paka. Paka hana haraka. Hanicheki. Na K bado inakwama."

Mwanagenzi wa pikipiki akacheka, akajua amekosea, akainamia daftari lake. Mama Ngoja alingoja. Aliona bado sijamaliza, na kweli nilikuwa sijamaliza. Nikamwambia nataka watu wanisubiri, ndiyo, lakini mdomo wangu nautaka pia. Nikamwambia ni rahisi kwake kusema hauko mdomoni, kwa kuwa mdomo si wake.

Alichukua dasta akaifuta ile sentensi yote. Akachora mtu katikati ya ubao, na kumzunguka akaandika mwili, watu, mahali, na kile mtu mwenyewe anachokitamani. Akaviunganisha kwa mishale inayokwenda na kurudi: mwili unaukunja uso wa mama, uso wa mama unaukaza mwili, foleni ya dukani inabadilisha neno, neno lililobadilishwa linazidisha woga wa kesho. Akageuka kwa wanagenzi.

"Mchoro kama huu wasomi walishauchora zamani, nami niliusoma," alisema. "Niliupenda zaidi ule mtazamo nilioufuta, kwa sababu ulinipa wa kumlaumu. Nakilini huu."

Nimewajua watu wazima wengi wapole, ila mtu mzima aliyefuta ubao kwa sababu ya neno la mtoto nimemwona mmoja tu. Toka siku hiyo kazi yetu ikawa na pande mbili. Upande mmoja ulikuwa mdomo wangu: kulianza neno kwa ulaini, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga. Upande wa pili ulikuwa dunia, na huko alikwenda yeye. Alikuja shuleni kwetu akaketi na walimu wa lugha zote mbili, na mitihani yetu ya kuzungumza sasa haipimwi kwa saa ya mkononi. Tochi Mbovu limekufa jina. Dirisha la mapokezi la kituo hiki, ambako zamani ilibidi upaaze jina lako kupitia tundu kwenye kioo, yeye ndiye aliyelipiga vita mpaka likaondolewa. Leo unakaa, unaonyesha kadi, na asiyesikia vizuri amefaidika kama asiyesema vizuri. Yule muuza chumvi hualikwa kila mwaka kuwafundisha wanagenzi namna ya kusema "Enhe?" na kunyamaza. Leo yuko safu ya pili. Bado anapunja.

Msidhani ni malaika. Mama Ngoja hana mwisho wa kikao. Benchi la kusubiria limewalaza usingizi wengi kwa sababu yake, na mhasibu anasema ripoti zake hufika zikiwa zimezeeka. Huyuhuyu anayeweza kungoja neno la mtoto mpaka chai yake ipoe hawezi kungoja birika lichemke. Hunywa maji ya uvuguvugu yenye majani yanayoelea. Na mume wake amenitonya kwamba nyumbani ndiye anayewamalizia watu wote sentensi zao. Mzee, tutakupa sinia na vikombe uende navyo.

Kigugumizi changu hakijaondoka. Nasema hivi kwa sababu wasifu mwingine ungeishia na mimi nikitiririka kama maji ya bomba, na isingekuwa kweli. Kimepungua, kinakuja na kwenda, siku za homa kinarudi na jamaa zake wote. Kilichoondoka ni ule mshumaa. Siku hizi nikitaka kiberiti naomba kiberiti, na foleni ihemee hapo nyuma inavyotaka.

Ratiba inaonyesha kwamba wasifu humalizikia kwa kumtakia mstaafu maisha mema. Katibu muhtasi alinipa sentensi ya kufungia, nzuri tu, inayoanza na T, herufi isiyonisumbua kabisa. Nimeilaza usiku kucha kwenye karatasi nikaitazama asubuhi. Ilikuwa mshumaa.

Basi, baba, ishia hapa. Najua hukusoma mbele, kwa sababu hujawahi kusoma karatasi yoyote kabla ya kusimama nayo. Ninyi wengine mliochungulia, asanteni kwa kutomwambia. Nyuma ya meza ya zawadi kuna kikombe cha maji. Kichukue, jaza mdomo, nipe kipaza sauti, ukae. Usimeze. Na tafadhali usiteme, mbele yako kuna mgeni rasmi.

Sentensi iliyobaki nitaisema mwenyewe. Nimeijaza K kwa makusudi. Itachukua muda wake, na ninyi msinisaidie.

Mama Ngoja, kapumzike kwa kheri, na kila utakayekutana naye akungoje kama ulivyotungoja sisi.