Mama Gundi na Daftari Lililogongwa Mhuri

Ijumaa, tarehe 28 ya mwezi huu, saa kumi kamili jioni, Mama Gundi atafunga mlango wa chumba cha ujalidi kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kuuguza vitabu vya maktaba yetu. Tunasema saa kumi kamili kwa sababu hajawahi kutoka saa kumi kasoro. Wanaodhani kwamba siku ya kustaafu ataaga mapema hawamfahamu.

Kwanza tuweke sawa suala la jina. Wengi wanaamini anaitwa Mama Gundi kwa sababu ya kazi yake. Ukweli ni kwamba katika wiki yake ya kwanza aliketi kwenye kiti kilichopakwa gundi na mtu ambaye hadi leo hajajitokeza, na saa ya chai ilipofika akainuka na kiti chake. Tangu siku hiyo hana hamu na gundi. Kwake gundi ni ya watu wenye haraka. Kitabu hushonwa, kwa sindano na uzi uliopakwa nta, kisha hubanwa usiku kucha, kisha huachwa kipumzike. Katika miaka yote hiyo, kopo lake la gundi limejazwa mara mbili, na mara ya pili ni kwa sababu lilikauka.

Hakuajiriwa kuwa mjalidi. Alikuja kupanga vitabu rafuni, akaona kwamba vingi vinadondosha kurasa njiani kama mtoto anayekula biskuti. Akawa anaokota kurasa na kuzipeleka chumba cha ujalidi, mara tatu kwa siku, mpaka mjalidi wa wakati ule akachoka kumfungulia mlango na kumpa sindano. Hakuna barua ya uhamisho iliyowahi kuandikwa. Ofisi ya utumishi iligundua baada ya miaka sita kwamba mpanga rafu wake hajapanga rafu hata moja, na kwa heshima ikanyamaza.

Tangu hapo zaidi ya vitabu elfu ishirini vimepita mikononi mwake. Kosa linalojulikana ni moja. Ripoti yetu ya mwaka wa maadhimisho aliishona vizuri kabisa ndani ya jalada lililogeuzwa chini juu. Mgeni rasmi akapigwa picha ameishika, akaisifu kwa dakika kumi na mbili, na hakuna aliyetambua, jambo lililotupa picha kamili ya jinsi ripoti zetu zinavyosomwa.

Wafanyakazi wenzake watamkumbuka kwa sanduku lake la vitu vilivyosahaulika ndani ya vitabu: vitana, soksi ya mtoto, kijiko, barua ya mapenzi isiyo na jina (wanaume watatu wa idara ya mapokezi walikana kwa pamoja, kabla hawajaulizwa). Watamkumbuka pia kwa warsha yake ya Jumamosi, iliyoanza na wanawake wanne waliotaka kurekebisha albamu za picha, na sasa haina nafasi ya kuweka mguu. Wanakuja waashi, wauguzi, mama wa nyumbani, babu mmoja anayeshona daftari lilelile kwa mwaka wa pili na kulifumua kila mara kwa sababu, anasema, nyumbani hakuna mtu wa kuzungumza naye. Mama Gundi humpa uzi mpya bila swali.

Wakati wa likizo na yeye huenda kuwa mwanafunzi. Ametengeneza kapu, kitambaa kilichochapwa maua kwa viazi vilivyochongwa, na chungu kimoja kilichoinamia upande kama mtu anayesikiliza umbea. Chungu hicho kiko mezani kwetu. Kinabeba kalamu tatu. Ukiongeza ya nne, kinalala.

Lakini jambo lililompatia sifa, na pia barua mbili za onyo, ni kurasa tupu. Kila kitabu alichokijalidi alikishonea nyuma karatasi nne zisizo na kitu. Mkutubi mkuu alimwandikia kwamba huo ni ubadhirifu wa karatasi. Mama Gundi alijibu kwa mdomo, mlangoni, akiwa na sindano kati ya meno: "Mkuu, ukimaliza kula, unataka uinuliwe mezani papo hapo?" Wasomaji wakaanza kuandika kwenye kurasa zile. Katika kitabu kimoja cha safari kuna mwandiko wa bibi fulani: "Usianze sura ya tisa kama una wali jikoni." Tangu hapo barua za onyo zilikoma.

Na sasa tufike kwenye daftari, maana bila hilo wasifu huu utakuwa wa uongo.

Nyumbani kwa Mama Gundi kuna mume, ambaye ni fundi saa. Kuna wajukuu wawili wanaokuja kila Jumapili. Na kuna mama mkwe, mwenye miaka themanini na minne na sauti ya mtu wa arobaini. Mama mkwe ana daftari la mapishi aliloanza kuliandika akiwa bibi harusi. Halikupangwa kwa vyakula, limepangwa kwa majira: mvua zikianza, maboga na majani yake; mvua zikikolea, mahindi mabichi; kiangazi, kunde na vitu vya kukausha; baridi, supu. Miaka yote alikataa kumpa mkwe wake. Hakuwa na ubaya. Alisema hivi, mbele ya kila mtu: "Mkwe, mapishi haya yanataka mtu aliye nyumbani. Wewe nyumba hii unaipitia kama steshini. Siku ukistaafu, njoo."

Mwaka huu Mama Gundi alipotangaza kwamba anastaafu, mama mkwe alilitoa daftari kwenye kabati. Lilikuwa limeachana vipande, limefungwa kwa lastiki. Akasema: lishone, unirudishie kabla ya mvua, tutaanza na boga. Ukilipoteza, usiniulize tena.

Kwa hiyo aliloweka uzi wake katika nta iliyo bora, akalishona kwa siku tatu wakati wa chakula cha mchana, akalivika kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye vitabu vyetu, na nyuma akaongeza si karatasi nne, bali kumi na sita. Akaliacha kwenye kibanio usiku. Asubuhi lilikuwa mezani, limenyooka, limependeza, kijani kama vitabu vingine kumi na saba vilivyolala pembeni yake.

Karani wa orodha alikuja na toroli, akachukua vitabu kumi na nane. Alivipa namba, akavigonga mhuri, akabandika karatasi ya tarehe, akavipeleka rafuni. Karani huyo ndiye anayeandika haya. Tulishasameheana, ingawa bado hapewi kiti cha karibu na dirisha.

Mama Gundi alipoliulizia saa sita, daftari lilikuwa kwenye rafu ya upishi. Alipofika kwenye rafu ya upishi, daftari halikuwapo. Lilikuwa limeazimwa saa nne na robo na fundi bomba mmoja, na watu sita walikuwa wamejiandikisha kulingojea, kwa sababu fundi huyo alilisoma kwa sauti akiwa kwenye foleni.

Alipopigiwa simu alikuwa mtu muungwana sana, ila hakuwa tayari. "Mama, niachieni mpaka Jumapili," alisema. "Mke wangu yuko safarini, wanangu wamechoka na mayai, na boga nimeshalikata."

Mawingu yalikuwa yamejaa. Mkutubi mkuu naye akaongeza lake: kitabu chenye mhuri ni mali ya maktaba, na mali ya maktaba haitoki bila fomu ya kuondoa kitabu. Fomu inataka sababu, nayo imetoa tatu: kimechakaa, kimepotea, kimepitwa na wakati. Mama Gundi aliisoma mara mbili. Kisha akachora kisanduku cha nne kwa rula, akakitia alama, akaandika mbele yake: "Kinasubiriwa nyumbani." Mkutubi mkuu alitafuta kanuni inayokataza kuchora kisanduku. Hakuiona. Akasaini.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi. Mama mkwe akauliza daftari liko wapi, na fundi saa, ambaye kwa maisha yake yote hajaweza kudanganya hata saa, akajibu kwamba gundi haijakauka.

"Gundi?" akauliza mama mkwe.

Miaka thelathini na mitatu alikuwa amesikia mezani kwake maneno mabaya juu ya gundi. Akavaa kanga ya kutokea, akamwambia mwanawe atangulie na mwavuli, na asubuhi ya Ijumaa akawa ameketi mapokezi, akiwa amepakata mkoba, akitaka kuonyeshwa aliyepoteza daftari lake.

Ni haki kusema kwamba Mama Gundi hakujificha nyuma ya karani. Alisimama mbele ya mama mkwe, mikono imejaa nta, akasema: "Mama, halijapotea. Liko kwa fundi bomba. Lakini nililiacha mezani, na kosa ni langu." Mama mkwe akamtazama. Akasema atalingojea. Tulimweleza kwamba linarudi Jumapili. Akasema basi atakuja Jumapili, na akatushauri tufute vumbi kwenye taa.

Jumapili hatufungui. Jumapili ile tulifungua. Fundi bomba alikuja na binti zake wawili, daftari limefungwa ndani ya taulo safi. Mama mkwe alilipokea, akapapasa mgongo wake mpya, akavuta uzi kwa ukucha kuona kama unaachia. Haukuachia. Akafika nyuma, kwenye karatasi kumi na sita tupu. Ya kwanza haikuwa tupu. Kulikuwa na mwandiko wa fundi bomba, kwa kalamu ya risasi: "Boga ni tamu ajabu. Ila chumvi imezidi. Punguza nusu."

Mama mkwe akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka idara ya magazeti:

"Nani kasema chumvi imezidi?" 

Fundi akanyanyua mkono kama mwanafunzi. Mama mkwe akataka kujua alitumia kijiko gani. Fundi akaonyesha kwa vidole: kijiko, Mama, kijiko cha kawaida, cha kulia wali. Mama mkwe akafungua ukurasa wa boga na kumwonyesha maneno yake mwenyewe: "vijiko viwili". Sisi tuliokuwa pale tulimwona akihesabu kitu kichwani. Vijiko vile, akasema polepole, vilikuwa vya kile kijiko kidogo cha bluu. Cha bati. Kilivunjika mwaka aliozaliwa mume wa Mama Gundi. Tangu hapo hupima kwa kiganja, na hajawahi kuliandika hilo popote. Wala kikombe kilichotajwa kwenye kunde hakipo. Wala sufuria.

Kwa hiyo alichokuwa akikilinda kabatini kwa miaka sitini kilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa mkononi mwake, na mkono ule una miaka themanini na minne.

Alimgeukia mkwe wake. "Unastaafu lini hasa?"

Jumamosi zilizofuata warsha yetu ilihamia kwenye daftari. Watu sita waliokuwa wakingojea zamu walikuja, na fundi bomba akawa wa saba. Kila mmoja alinakili majira aliyoyapenda katika daftari aliloshona mwenyewe. Babu wa daftari lisiloisha alichagua supu, na safari hii hakulifumua. Jiko la wafanyakazi lilinukia boga mpaka ghorofa ya pili. Mama mkwe alikaa kichwani mwa meza, akimimina chumvi kiganjani. Mama Gundi aliipokea, akiipima kwa kijiko chetu cha chai, akiiandika kwenye karatasi tupu. Walibishana sana. "Hiyo ni nyingi, mkwe." "Mama, ni ile ile uliyonipa." "Basi mkono umetetemeka, rudia." Wametimiza kurasa mbili. Yamebaki majira matatu na karatasi kumi na tano, na mvua nyingi, tunaomba.

Ndiyo kazi anayokwenda kuianza Jumatatu. Asubuhi jikoni na mama mkwe, Jumapili wajukuu, Jumanne darasa la ufinyanzi (tumeomba chungu cha kalamu nne), na Jumamosi atarudi kwetu kama mgeni kuongoza warsha, kwa sharti kwamba hatutamwekea gundi kwenye kiti.

Mama Gundi, asante kwa vitabu elfu ishirini, kwa kisanduku cha nne, na kwa kutufundisha kuacha nafasi mwishoni. Ukapumzike, ingawa tunajua hutapumzika. Afya iwe nawe, na nyumba yako isiitwe tena steshini.

Jambo la mwisho, kwa ajili ya kumbukumbu za orodha. Daftari lilipoondolewa rasmi, tulitaka kubandua karatasi yetu ya tarehe. Mama mkwe alikataa, akaomba kalamu, akaijaza mwenyewe. Kwenye nafasi ya jina la aliyeazima, yeye ambaye siku zote humwita Mama Gundi mkwe, ameandika: "Mwanangu." Kwenye nafasi ya tarehe ya kurudisha hakuandika kitu. Karani ameipitia, ameridhika, na maktaba haina dai.