Jiko la Mabruda Halibomolewi

“Hiyo si karatasi ya ofisi, Mama. Tumeandikiwa risala tayari, tusome hiyo. Usituletee shida.”

“Iko na shukrani kumi na mbili, Ogutu. Jiko haiko hata mara moja. Isome wewe basi, mimi naenda kugeuza githeri, mahindi na maharagwe yasishike chini.”

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Ndambuki, mkurugenzi wa mradi wa utalii, hayo yalikuwa majibizano ya majirani wawili leo asubuhi. Ogutu ndiye mwenyekiti wetu. Mwingine ni Kanyiva, mpishi wetu, anayekusomea sasa. Ile ya ofisi haikupata msomaji, na miwani aliyovaa Kanyiva ni ya Ogutu.

KARIBU
Karibu Dagoretti, huku msitu unakoanzia. Tunajua meza yako ya mchana imewekwa hotelini Lavington. Dereva wako alituambia jana alipokuja kuangalia barabara. Ni mtu wa stori, na alikula sahani mbili.

HISTORIA
Watawa, ambao sisi huwaita mabruda, walijenga kanisa hili la mawe na jiko lililo nyuma yake. Wazee wetu walitoka Busia na Machakos kuja kuwachanjia kuni. Kengele ya saa sita ikilia, aliyekuwa karibu alikula, awe askofu au mpasua kuni, na bakuli moja liliwekewa mtu ambaye hajafika. Bruda wa mwisho alipoondoka, macho yakiwa hayaoni tena, hakumwachia Kanyiva ufunguo, maana mlango wa jiko haujawahi kuwa na kufuli. Alimwachia mwiko.

MAFANIKIO
Miaka kumi na tisa tangu siku hiyo, moto haujakosa kuwaka. Hata wakati wa korona tulipika, tukapitishia bakuli dirishani.

CHANGAMOTO
Changamoto ni wewe, mheshimiwa, na tunasema kwa heshima.

Watu wako walichora X nyekundu juu ya mlango wa jiko. Libomolewe Jumatatu, watalii wapate pa kuegesha magari, kanisa libaki la kupigia picha. Walisema moshi unaharibu urithi. Kanyiva akawauliza kama mabruda walikuwa wanakula mawe. Wakaingia garini, walikuwa na haraka.

Tena wakafunga utepe kwenye mlango huohuo, uje uukate kuzindua mradi. Tumeufungua. Sufuria ilikuwa haipiti.

OMBI
Ni moja tu. Futa hiyo X. Usipoifuta, Jumatatu tingatinga litatukuta ndani, mezani, sisi sote na watoto wetu, na anayeliendesha tutampakulia.

Mungu akupe afya, akupe na hamu ya kula. Sisi ni wakazi wa Kijiji cha Mabruda, na hapa ndipo ukurasa wetu unaishia, kwa sababu kengele ya saa sita inalia. Lile bakuli liko mezani. Mlango ni ule wenye X, uko chini kidogo, chunga kichwa. Ingia ule, baba.