Vitwitwi wa Muriel

Benchi letu liko nje ya duka la chambo, pale gatini kwetu Nova Scotia. Msimu wa uvuvi ukishafungwa, tunalikalia tangu asubuhi mpaka kahawa ya dukani igeuke chungu kama dawa. Tuko watatu. Eldon Zwicker tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki. Burton Levy ni Jaji, kila jambo analitolea hukumu kabla hajalisikia. Mimi ni Nanga, maana nikikaa sing'oki. Jumamosi ile ukungu ulikuwa unaanza kuinuka, na habari mjini ilikuwa moja: vitwitwi, wale vindege wa ufukweni anaowalinda mama mmoja wa hapa, Muriel, wameangua vifaranga wanne, na nusu ya ufuko imezungushiwa kamba.

REDIO: Nusu ya ufuko, bwana. Kwa ndege anayeenea ndani ya kikombe hiki.

JAJI: Tena wana pete miguuni. Mke wangu mwenyewe yake kaivua.

MIMI: Za kuwatambulia hizo. Yule jike mwenye kibendera cheusi mguuni, huu mwaka wa sita anarudi hapa hapa. Baridi ikija anakwenda zake Bahama.

REDIO: Bahama! Mimi hata Boston sijafika.

JAJI: Anapeleka ripoti.

MIMI: Ripoti gani?

JAJI: Zetu. Nani ana leseni, nani hana. Muriel anausoma ule mguu kwa darubini, anaandika kwenye daftari, daftari linakwenda serikalini, Ottawa.

REDIO: Kumbe ndiyo maana mwaka juzi nilikamatwa nikiwa na samaki bila leseni.

JAJI: Ulikamatwa kwa sababu ulijisifu kanisani.

REDIO: Sawa, na paa la kanisa linakaliwa na nani? Ndege. Nakwambia hawa hawazaliwi, wanatengenezwa. Wanawekwa pale ufuko unapotakiwa, wanatagishwa, kamba inafungwa. Miaka miwili baadaye unaona hoteli.

MIMI: Na vifaranga?

REDIO: Wa kututia huruma tu.

Muriel akatokea upande wa ufukweni. Ni mama wa miaka sabini na kitu, buti zimelowa mpaka magotini, darubini shingoni. Alikuwa kule tangu alfajiri. Hakukaa.

JAJI: Dada Muriel, wajukuu hawajambo?

MURIEL: Wote wanne wanakimbia. Kuruka bado, labda wiki tatu na ushee. Sasa sikilizeni. Jua likitoka watu watashuka na mbwa wao. Mwenzangu wa zamu anaumwa, na mimi nampeleka mume wangu Ralph hospitali. Nataka mtu asimame pale kwenye kamba awaambie watu wafunge mbwa, basi. Nani kati yenu ana nafasi, kwa muda wa saa mbili tatu hivi?

Redio akaanza kusugua goti. Jaji akatazama mkono ambao hauna saa. Mimi nikachungulia kikombe changu.

JAJI: Unajua, leo Jumamosi.

MURIEL: Najua.

REDIO: Na goti langu hili.

MURIEL: Kiti kipo.

Akangoja kidogo, kwa utulivu ule ule wa kuwangojea ndege wake. Kisha akaenda kwenye gari.

Tuliendelea kukaa. Adhuhuri jua likawaka, magari yakaanza kupita kuelekea ufukweni. Moja lilikuwa na mbwa mkubwa wa manjano aliyetoa kichwa dirishani. Sote tulimwona, na hakuna aliyemtaja.

Saa tisa Muriel alirudi, akatupita bila kugeuza shingo. Jioni tukasikia dukani: kati ya vifaranga wanne kabaki mmoja. Walioshuhudia wanasema yule jike wa kibendera cheusi alijiburuza mchangani kama aliyevunjika bawa, ili mbwa amfuate yeye. Mbwa hakumfuata.

Jumapili asubuhi Redio alitutangulia benchini.

REDIO: Mnaona? Serikali gani hii, hata ndege inashindwa kulinda.

JAJI: Uzembe mtupu.

Wakanigeukia. Kulikuwa na neno nililolala nalo usiku kucha, la yule mbwa tuliyemwona akipita, na lilikuwa limenifika ulimini.

— Kweli kabisa, nikasema.