Maisha ya Mama Kipimo, na Ugonjwa Uliomchukua

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kipimo.

Dada alizaliwa tarehe 14 Juni 1969, mtoto wa pili wa karani wa stoo na mkunga, akasoma shule ya msingi na sekondari hadi mwaka 1986, kisha akajiunga na chuo cha ushonaji, ambako mwalimu wake alikata tamaa ya kumshikisha tepu ya kupimia, kwa kuwa alikisia kiuno cha mtu kwa jicho tu, na hakukosea.

Mwaka 1989 alipanga chumba chake cha kushonea, akashona sare za shule humo mpaka watoto wa wateja wake wa kwanza wakaja na watoto wao, na fundi viatu wa mlango wa pili, ndiye shemeji yetu aliyekaa hapa mbele, alipeleka suruali ileile kupunguzwa mara nne kabla hajathubutu kusema kilichompeleka. Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1992, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Tarehe 3 Machi mwaka huu, akiwa kwenye cherehani, alishikwa na maumivu makali juu ya kitovu, yakichoma hadi mgongoni, akatapika, akasema ni gesi tu, akang'ang'ania amalize kola kwanza, mpaka shemeji alipozima taa ya chumba na kumkokota hospitali. Huko walimkuta na kijiwe cha nyongo kilichoziba njia ya kongosho, nalo kongosho limevimba, majimaji yake ya kusagia chakula yakilisaga lenyewe.

Siku mbili baadaye maumivu yalipungua, njaa ikarudi, akamwambia daktari kwamba mikono ya koti lake imezidi urefu, tukacheka, tukapiga simu kila upande kwamba amepona, muuguzi akaruhusu supu, shemeji akamlisha kwa mkono wake. Jioni ile pumzi zilianza kumpaa, akahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, akawekewa mashine ya kupumulia, na alfajiri ya tarehe 12 Machi akatutoka.

Tangu hapo shemeji hana usingizi. Husikia pedali ya cherehani ikikanyagwa, huinuka, huenda kufungua chumba, hukuta cherehani imefunikwa kitambaa kama yeye shemeji alivyoiacha, hurudi jikoni akaosha kijiko kilekile alichomlishia supu, ambacho ni safi, akakiweka kabatini, akakitoa akakiosha tena. Na sisi, wenye uchungu wetu, tulinong'ona kwamba supu ndiyo iliyommaliza, naye alitusikia, ingawa moyoni alikwisha kujihukumu kabla yetu.

Kwa hiyo juzi tulikwenda naye kwa daktari, akatueleza mbele yake kwamba supu haikuwa na kosa, kwani mgonjwa wa namna hii njaa ikirudi hulishwa, na kwamba kongosho lilipoumia askari wa mwili walikimbilia pale kusaidia, na kwa wagonjwa wengi hutuliza mambo wakaondoka, lakini kwa dada hawakujua kuacha, wakasambaa na damu, mishipa ikavuja, mapafu yakajaa maji, figo zikasimama, na hayo yalikwisha kuanza huku maumivu yakipungua na sisi tukicheka. Kwa nini kwa huyu yatulie na kwa yule yasambae, daktari alisema hana jibu kamili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopambana hadi dakika ya mwisho, majirani walioacha shughuli zao wakakaa nasi, na mafundi wenzake waliomalizia sare za wateja bila kuombwa.

Familia imeniagiza niseme hapa, mbele ya wote walionong'ona na mbele yake yeye aliyelala, kwamba shemeji hakumuua dada yetu. Yeye bado hajaamini, na tutamwambia tena kesho, na kesho kutwa, hata akichoka kutusikiliza. Nawe dada, utuachie mumeo tumtunze, upumzike kwa amani.