Hendeli Yenye Sufu Nyekundu ya Lango la Tatu

Ndugu yetu Wilfred Ashmole, ambaye kijiji kizima cha Cotley tunamwita Wilf, anastaafu tarehe thelathini Septemba baada ya kulinda Lango la Tatu kwa miaka arobaini na moja na miezi mitano. Sentensi hiyo si yangu, ni ya Pauline. Yeye ndiye ananiandikia, maana mimi shule niliiacha mapema nikaenda kung'oa viazi, kalamu na mimi hatujawahi kupatana. Nimemwambia, Pauline mwanangu, ukishamaliza hiyo ya kwanza ya kiheshima, zinazofuata andika kama zinavyotoka kinywani. Akasema, "Sawa bibi, lakini usiende mbali sana." Tutaona.

Mimi ni Queenie Hadlow. Pale langoni, mferejini, ambapo maji hufungiwa kati ya malango mawili ili boti ipande au ishuke, nilifagia yadi na kuosha choo cha watu wa boti miaka ishirini na sita, na Wilf akienda kula au kwenda kanisani, lango nililishika mimi. Ndiyo maana kamati ya sherehe ikasema aliyefanya naye kazi muda mrefu ni Queenie, basi Queenie aseme kwenye jarida la kijiji. Wangejua, wangemwomba mwingine.

Wilf alikuja Aprili ya mwaka sabini na nane, mwembamba kama ufito, na begi moja na birika lake mwenyewe. Sisi tulikuwa na mazoea ya kuwapima walinzi wapya. Mlinzi aliyemtangulia alidumu msimu mmoja, akasema sisi watu wa Cotley ni wabaya kuliko baridi. Wiki ya kwanza ya Wilf, ndama wa shamba la juu alitumbukia kwenye chumba cha lango, kule chini kabisa kulikokauka, kuta pande zote zinateleza. Wanaume wakaja na kamba, kila mmoja na maarifa yake, wanapigiana kelele. Wilf akawaambia, "Jamani, tulieni. Atapanda mwenyewe." Akafungulia maji kidogo, kidogo, kidogo. Ndama akaanza kuelea, maji yanapanda naye anapanda, mpaka akafika usawa wa nyasi, akatoka zake kwa miguu kama abiria anashuka kwenye treni. Siku ile tukajua huyu atakaa.

Na amekaa. Kila masika alipaka malango rangi, nyeusi na ncha nyeupe, hata mikono ya bibi harusi ingeshika isichafuke. Tena bibi harusi mmoja alishika kweli, akateleza majini, na Wilf akamtoa kwa ile fimbo ndefu yenye ndoano, akampa koti lake, akaenda naye mpaka altareni ananuka matope. Watoto wa kijiji hiki wote waliojua kuogelea walifundishwa na yeye. Wa kwangu wawili pia. Mfereji ukiganda, alipasua barafu toka alfajiri ili mabata wapate pa kunywea. Hakuoa. Alipenda maboga yake na kengele za kanisa.

Kengele. Hapo ndipo ninapopaogopa, Pauline, na hapo ndipo ninapokwenda.

Kanisa letu lina kengele sita, kila moja na kamba yake na mtu wake. Ya sita ndiyo nzito, ndiyo inayofunga mlio, na mtu wa kamba ya sita alikuwa Wilf. Na desturi yetu mnaijua: mtu aliyetumikia kijiji akistaafu, kengele zinapigwa adhuhuri, zote sita. Alipigiwa mkunga. Alipigiwa yule mleta barua aliyekuwa anasoma kadi zetu njiani. Mwezi uliopita kamati ilikaa kuhusu Wilf, na Desmond Crundall, ambaye ni mkuu wa wapiga kengele, akasema, "Keki mleni, hotuba toeni. Kengele hapana. Sipigi kengele kwa mtu aliyemvunjia baba yangu nyumba." Hakuna aliyebisha. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nakata keki ya majaribio, nikaendelea kukata.

Sasa nasema ilivyokuwa.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Agosti, mwaka themanini na sita, kesho yake mkutano wa boti. Boti kumi na nne zilikuwa zimeshafungwa kando ya mfereji, upande wa juu wa lango letu, na mojawapo ilikuwa ya mzee Jabez, baba yake Desmond. Boti ya mbao ile, aliijenga baba yake. Jabez alizaliwa humo, akaolea humo, akafiwa na mkewe humo. Hakuwa na nyumba nyingine.

Saa kumi na mbili na nusu jioni, jua bado liko juu, Wilf akavaa shati safi kwenda mazoezi ya kengele. Akaniambia, "Dada Queenie, imebaki boti moja tu, ile ya wenye mbwa mweupe. Washushe, kisha funga kila kitu." Nikamwambia nenda baba, unanifundisha mimi?

Nikachukua hendeli yangu. Pale langoni kila mtu ana hendeli yake, chuma cha kuzungushia, ndicho kinachopandisha vile vilango vidogo vya mbao vilivyo chini ya lango kubwa ili maji yapite. Yangu niliizungushia sufu nyekundu kwa sababu ya baridi ya chuma, kijiji kizima wanaijua. Wenye mbwa nikawaingiza, nikafunga lango la juu, nikapandisha vilango vya chini, maji yakatoka, boti ikashuka, wakanipungia mkono wakaenda zao, hatukuwaona tena. Kilichobaki ni kuvishusha vile vilango. Kazi ya kuhesabu mpaka kumi.

Nikasikia harufu ya jemu.

Nilikuwa nimebandika plamu jikoni, za mashindano ya kesho. Nyie mnajua mashindano ya jemu ya Cotley yalivyo, watu wanaacha kusalimiana kuanzia Julai. Miaka sita mfululizo nilikuwa nimeambulia patupu. Basi niliposikia ile harufu ya sukari inaanza kushika chini ya sufuria, mimi na miguu yangu tukaondoka. Hendeli niliiacha pale pale kwenye jino lake, inapochomekwa. Vilango viko juu.

Na lile lango la juu lilikuwa limezeeka, linavuja kama mdomo usio na meno. Ukiliacha peke yake na vilango vya chini viko wazi, litapitisha mfereji mzima.

Asubuhi nilipotoka na ufagio, niliona mabata wanatembea kwa miguu pale wanapoogeleaga. Maji yote yalikuwa yameondoka. Samaki wanarukaruka kwenye tope. Boti kumi na nne zimelala ubavu kama walevi, na ya Jabez ilikuwa imekalia jiwe la daraja la zamani. Imekatika mgongo. Mzee amesimama kwenye tope na soksi, ameshika saa ya ukutani, anasema, "Ilikuwa inaelea. Jana ilikuwa inaelea."

Nikakimbilia langoni kutafuta hendeli yangu. Haipo. Vilango vimeshashushwa. Nikarudi nyumbani, nikaikuta hendeli imening'inia kwenye msumari wake, mlangoni pa jikoni. Imefutwa. Imepakwa mafuta.

Wilf alikuwa ameamka kabla yetu sote. Aliiona, aliijua, akaileta nyumbani kwangu, akaenda zake.

Mkubwa wa mifereji alipofika akauliza, "Nani alikuwa zamu?" Wilf akasema, "Mimi." Akamwuliza boti ya mwisho nani aliishusha. "Mimi. Nilikuwa na haraka ya kwenda kanisani, nikasahau vilango." Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo, nafagia mahali palipokwisha fagiwa. Akanitazama mara moja tu. Hakunitazama kwa kunilaumu, ndilo linaloniua mpaka leo. Alinitazama kama mtu anayeangalia kama mwenzake ana mzigo mzito.

Nilikuwa nao, sikatai. Mume wangu Ron mapafu yalikuwa yameshamwishia, hajatoka kitandani tangu Pasaka. Watoto wawili. Nyumba ilikuwa ya waajiri. Kazi ikienda, na nyumba imekwenda. Wilf alikuwa anayajua yote hayo, supu ya Ron alikuwa anaileta yeye. Mwaka huo naweza kujitetea. Lakini Ron alikufa mwaka themanini na tisa. Watoto wakakua wakaenda. Nyumba nyingine nikapewa na halmashauri, ya kwangu mpaka nife. Sababu zikaisha zote, moja baada ya nyingine, na mimi bado mdomo nimeufumba. Nilikuwa najiambia, Krismasi ikipita nitasema. Krismasi thelathini na tatu.

Mzee Jabez alipelekwa mjini, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama ukuta. Akakaa misimu miwili ya baridi akafa. Wilf alienda kumzika, Desmond akamtoa mlangoni. Kamba ya sita alikuwa ameshanyang'anywa siku ile ile ya balaa, tope halijakauka, wenzake wakamwambia, "Kengele ndizo zilizokusahaulisha kazi, sasa zitakuacha upumzike." Baa walimpa jina: Kizibo. Akiingia tu, "Haya Kizibo, umeziba huko, au tukalale na mabuti?" Na kila mkutano wa boti, jukwaani, mbele ya wageni, wanamkabidhi kizibo cha beseni la kuogea kama zawadi. Anapokea. Anasema asante. Ana thelathini na tatu kwenye sanduku.

Cha mwaka wa kwanza kilifungwa utepe mwekundu. Utepe niliufunga mimi. Waliniambia, "Queenie, wewe una mikono mizuri," nikaufunga, na watu walipocheka nikacheka, tena kwa sauti, nionekane sina jambo. Pauline ameacha kuandika, ananitazama. Andika, mwanangu. Andika na hilo la kucheka.

Na jemu haikuungua. Niliiwahi. Mashindano walisogeza Jumatatu kwa ajili ya lile balaa, na nikapata cheti cha mshindi wa pili. Nimekitundika juu ya jiko miaka yote hii. Kila ninapochemsha maji kinanitazama.

Jumatatu hii nimekitungua, nikakibeba kwapani mpaka kwa Wilf. Nimemkuta anafunga vikombe kwenye magazeti, anahamia pwani kwa binti ya dada yake. Nikakiweka mezani, nikajaribu kusema, maneno hayaji. Mimi! Mimi ambaye mchungaji aliwahi kuniomba nipumue! Wilf akakisoma, akasema, "Cha pili. Walikuonea, dada Queenie. Ile jemu ilikuwa ya kwanza."

Nikalia kama mtoto. Nikamwambia nitalisema kwenye jarida, lote, kwa jina langu. Akasema, "Ya nini? Maji yakimwagika hayazoleki." Nikamwambia maji hayazoleki, Wilf, lakini jina lako linazoleka, na aliyelimwaga ndiye atakayeinama. Nikamwuliza mbona hukusema, hata baada ya Ron. Akafunga kikombe kingine, taratibu. "Nilikuwa nangoja uone mwenyewe kama imeshakuwa salama." Miaka yote hiyo alikuwa ananingojea.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Desmond, sikutaka asome kwenye karatasi kama watu wengine. Nilisimama getini nikamwambia kama nilivyowaambia nyie. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema, "Bibi Queenie, ulikuja msibani kwa baba. Ulileta sandwichi." Akaingia ndani akafunga mlango. Hajanisemesha mpaka leo na ana haki, sitamdai. Lakini Pauline amekuja leo na habari: jana Desmond alipanda mnarani, akamwondoa kijana wake kwenye kamba ya sita, akaifunga juu kwa fundo la Wilf, lile la zamani. Adhuhuri ya Jumamosi kengele zitapigwa. Tano zina watu wake. Ya sita inamngoja mwenyewe.

Basi, Wilf. Kamati wanataka nimalizie kwa shukrani. Asante kwa ndama, kwa bibi harusi, kwa watoto wangu wanaoelea, kwa supu ya Ron. Asante kwa hendeli uliyoipaka mafuta wakati ulikuwa na haki ya kuitupa uwanjani watu waione. Kusamehewa sikuombi, maana ulishanisamehe kabla sijaamka, na mimi nikautumia msamaha wako kama blanketi.

Jumamosi, kabla ya kengele, kuna boti moja ya kushusha, ndiyo yako ya mwisho. Nimeomba na wamekubali: vilango nitavipandisha mimi, kwa hendeli ile ile yenye sufu nyekundu, mbele ya kijiji chote. Wewe nenda mapema mnarani, vaa shati safi. Mimi nitavishusha, nitahesabu mpaka kumi, na nyumbani sina kitu jikoni. Nenda salama, kaka yangu. Huko pwani maji hayahitaji kufungwa, pumzika.